Wanasema Nimempaka Hasani Dawa

Nachingwea, Jumatatu, 20 Juni 1955

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Saturnini ninakili maneno yangu ya mchezo. Maneno yangu yameishia ukurasa wa nane, na kurasa ni themanini. Nitaandika mengine, maana nina hasira na sina wa kumwambia. Shangazi Sabaha ukimwambia neno asubuhi, adhuhuri limefika sokoni.

Likipotea, aliyeliokota ajue ni la Zaina binti Bashiri wa Nambambo, anayefundisha kinamama kusoma na kushona pale jumba la mikutano. Na aishie kusoma hapa.

Hasira yenyewe ni hii. Leo Mwalimu alituita kutueleza mchezo utakaochezwa siku ya maonyesho ya kilimo, mwezi wa tisa. Ni mchezo wa kale wa Kiingereza aliousoma chuoni, ameugeuza Kiswahili mwenyewe. Mzee Mikidadi, mnunuzi wa ufuta, alikaa mbele kwa sababu ndiye atakayetoa lori la kuleta watu kutoka Kiegei na Narung'ombe. Akasema sehemu za wanawake wapewe wanaume, wavishwe kanga. Mwalimu akaitikia kwa kichwa! Mwalimu huyo huyo aliyekuja kwa shangazi mara tatu kuniombea ruhusa.

Nikasimama. "Mwalimu, kwani wanawake Nachingwea wamekwisha?"

Watu wakacheka. Mzee Mikidadi hakucheka. "Binti Bashiri," alisema, "mwanamke akisimama mbele ya kadamnasi amesimama uchi."

"Basi baba, tutavaa kanga mbili mbili."

Tumekubaliwa mimi na Albina wa hospitali, kwa sharti Shangazi awepo kila mazoezi. Shangazi amefurahi kuliko mimi. Anapenda mahali pa kukaa na kutazama watu.

Alhamisi, 23 Juni

Baridi. Ukungu hadi saa tatu. Nimeanza kushona mbawa za majini kwa magunia yaliyobaki tangu mradi wa karanga wa Waingereza ulipokufa.

Jumamosi, 25 Juni

Mpaka jana nilikuwa na maneno yangu tu; leo tumesomewa mchezo wote. Vijana wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, wanakimbilia msituni kwa sababu wazee wanataka kuwaoza wasiopendana. Humo wanaishi majini. Mfalme wa majini anaamuru kijana apakwe machoni maji ya ua fulani akiwa usingizini. Akiamka, atampenda wa kwanza kumwona. Basi kijana anaamka, ananiona mimi, anamsahau msichana aliyetoroka naye, na kuanza kunifuata akinililia.

Sikuupenda. Msichana wa watu ameacha kwao kwa ajili yake, sasa anaachwa kichakani, na hakuna anayemwuliza yule kijana akili zake zilikuwa wapi. Nilimwambia Mwalimu hivyo.

"Ni kichekesho, Bibi Zaina," alisema.

"Cha kumchekesha nani?"

Akafuta miwani yake. Akikosa jibu hufuta miwani.

Kijana mwenyewe atachezwa na Hasani, karani wa stoo ya matrekta, na Albina ndiye atakayeachwa. Jini wa kupaka dawa ni Tadeo seremala, Mmakonde, mtani wangu, ambaye ameshaniambia kwamba Mmwera hahitaji kupakwa kitu, hupenda yeyote mwenye ugali. Dawa nitaitengeneza mimi: choya kavu, yale maua machachu ya kufanyia kinywaji, nitailoweka katika bakuli jeupe, maji yawe mekundu yaonekane mbali.

Jumanne, 28 Juni

Kinamama kumi na tisa darasani. Kulthumu binti Mikidadi amekuja tena na kanga mpya, akakaa tena nyuma kabisa. Nimempa kitabu asome, akasema, "Sijui," akatazama dirishani. Nimemwonyesha neno kwa kidole. "Sijui." Maringo matupu. Ni mchumba wa Hasani, wataoana baada ya Idd kubwa. Nadhani anaona kusoma ni kazi yetu sisi tusio na malori.

Ijumaa, 1 Julai

Upepo.

Jumatano, 6 Julai

Mazoezi mazuri. Hasani ameshika maneno yake yote na ya wenzake pia. Tadeo akikwama, Hasani anamnong'oneza bila kumwaibisha. Nimeunguza mboga mara mbili wiki hii. Sitaandika sababu.

Jumanne, 12 Julai

Baada ya mazoezi ya alasiri Hasani alitusindikiza. Shangazi alitangulia, akakutana na muuza mihogo, wakaanza mabishano yao ya kawaida. Hasani akasema, "Zaina, yale maneno ninayokwambia kwenye mchezo, unafikiri nayatoa kwenye karatasi?"

"Ndiyo. Ukurasa wa kumi na mbili."

"Siku hizi siangalii karatasi."

Nikamwambia, "Wewe una mchumba. Kama una neno, lipeleke kwa mwenyewe kwanza, kisha kwa wazee wako. Usiniletee neno lililopitia dirishani."

"Nitakwenda," alisema. "Naapa nitakwenda."

Nimeandika haya kwa mistari iliyonyooka, lakini imebidi nitumie rula.

Jumanne, 19 Julai

Hajakwenda. Anasema anangoja ufuta wa Mzee Mikidadi upimwe kwanza, mzee awe na moyo mweupe. Nimemwambia asinisindikize tena.

Jumamosi, 30 Julai. Idd

Nilikuwa Nambambo kwa baba. Tumechinja. Baba amenitazama muda mrefu akauliza kama naumwa. Nimesema ni moshi.

Jumanne, 2 Agosti

Nimerudi mjini na kukuta habari. Siku ya Idd, mbele ya chakula, wazee walipotaja siku ya harusi, Hasani alisema haoi. Akaulizwa kwa nini. Akainuka akaenda zake.

Najua nilivyoshtuka, na aibu yangu ni kwamba si mshtuko peke yake. Kulikuwa na furaha pia. Naiandika ili nisijidanganye.

Kulthumu hakuja darasani.

Ijumaa, 5 Agosti

Kinamama sita tu. Bi Sofia, ambaye nilimshika mkono mpaka akajua kuandika jina lake, alipita dirishani bila salamu.

Jumapili, 7 Agosti

Sasa nimejua. Hasani alibanwa na wajomba zake siku tatu, akasema: "Sijui kilichonipata tangu nipakwe ile dawa ya mchezo." Hayo tu. Na mji mzima umeyamalizia. Dawa nani aliitengeneza? Binti Bashiri. Alipofumbua macho alimwona nani? Binti Bashiri. Kwao Nambambo, bibi yake alikuwa hodari wa mizizi. Bibi yangu, aliyekufa akitafuta mzizi wa kutuliza jino lake mwenyewe!

Leo kisimani mwanamke alimwaga maji yake yote na kuteka upya, kwa sababu kivuli changu kilipita juu ya ndoo.

Mimi! Niliyemfukuza mlangoni. Niliyemwambia aende kwa mwenyewe. Mwanamume akimwacha mtu, mwanamke mwingine ndiye aliyemwachisha; yeye alikuwa amelala tu. Nimeandika mpaka nibu imetoboa karatasi.

Jumatatu, 8 Agosti

Mwalimu Saturnini alikuja jioni, hakukaa. "Bibi Zaina, kwa ajili ya amani, nimeona sehemu yako nimpe mwingine."

"Nani? Mwanamume aliyevaa kanga?"

Akafuta miwani.

"Mwalimu, wewe unajua yale ni maji ya choya. Uliyanywa siku ya kwanza ukaomba tena."

"Najua mimi. Lakini watu..."

"Basi waambie watu."

Niliwahi kudhani mtu aliyesoma vitabu vingi huogopa vitu vichache. Shangazi alimpa kitambaa afutie hiyo miwani vizuri, kisha akafunga mlango.

Alhamisi, 11 Agosti

Baba amekuja kwa miguu kutoka Nambambo. Tumeitwa kwa Jumbe keshokutwa. Mzee Mikidadi anataka nikiri, dawa itenguliwe, na mimi niondoke mjini nisifundishe tena.

Jumamosi, 13 Agosti

Nitaandika yote kabla hayajapoa.

Saa tatu asubuhi baraza ya Jumbe ilikuwa imejaa mpaka uani. Wanaume mbele, wanawake nyuma kwenye mikeka. Moshi wa mashamba yanayochomwa ulitanda, kila mtu akikohoa. Mimi niliwekwa kwenye kigoda katikati, baba akasimama nyuma yangu.

Mzee Mikidadi alisema vizuri. Ni mtu anayejua kusema. Alisema hana kisasi na mtoto wa mwenzake. Alisema ana binti mmoja, amemlea kwa heshima, na sasa binti huyo anachekwa sokoni. Sauti yake ilikatika hapo, na nilishangaa kumwonea huruma.

Jumbe akaita bakuli. Tadeo alilileta, likiwa na maji mekundu, akaliweka chini kama mtu anayetua yai. Kisha Hasani akaitwa.

Nilikuwa nimengoja saa hiyo. Nilijiambia: akiulizwa mbele za watu, atasema. Uongo wa nyumbani kwa wajomba ni woga wa siku moja, hapa atasema.

Jumbe akauliza, "Kijana, umefanywa nini?"

Hasani alitazama viatu vyake. "Mimi sina ugomvi na mtu, Jumbe. Ila tangu nipakwe yale maji naona kama moyo si wangu. Sijui."

Sijui! Mtu anayejua idadi ya misumari ya stoo nzima bila kufungua kitabu.

Sikumbuki kusimama. Nilijikuta mbele ya bakuli. "Jumbe, niruhusu." Nikaliinua nikanywa mafunda matatu. Ule uchachu ulinibana mashavu mpaka machozi yakanitoka, na nilikasirika zaidi kwamba watadhani nalia. "Hii ni choya. Imelimwa hapa, imekaushwa kwenye paa la shangazi yangu. Nyumba gani hapa haina choya? Baba Mikidadi, kwako haipikwi?"

Jumbe akanyoosha mkono. Nikampa. Watu wakaacha hata kukohoa. Akaonja, akatafakari, akasema, "Inataka sukari."

Watu walicheka, na kwa muda nilidhani yamekwisha. Lakini Mzee Mikidadi hakuyumba. "Mchawi hanywi mbele za watu kile anachokitumia gizani. Haya ni maji. Dawa iliyompata kijana iko wapi?" Na vichwa vikaitikia. Niliviona vikiitikia, kimoja baada ya kingine, na nilijua kwamba hata ningeunywa mto mzima nisingeweza kuonyesha kitu ambacho hakipo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kwenye mikeka. "Naomba kusema."

Ni Kulthumu.

"Kaa kimya," baba yake alisema bila kugeuka.

"Aseme," alisema Jumbe. "Kesi yenyewe ni yake."

Alisimama. Alitetemeka mpaka kanga ya kichwani ikamwangukia mabegani, asiikumbuke. Alisema kwa sauti ndogo, lakini baraza lilikuwa kimya, na kila neno lilifika.

"Hasani aliniambia hanitaki tangu Mfungo Mosi. Siku ya pili ya Idd ndogo, alipokuja kutusalimia. Mchezo ulikuwa haujatajwa. Aliniambia nimwambie baba kwamba mimi ndiye nisiyetaka, ili yeye asigombane na wazee wake. Nikaogopa. Nikanyamaza, nikidhani atarudisha moyo. Bibi Zaina nilikuwa namwona darasani tu."

"Mwanangu, unajua unalolisema?" Mzee Mikidadi alikuwa amegeuka sasa. "Unajitangaza umekataliwa."

"Nimekataliwa, baba. Ni kweli. Lakini mkisema amerogwa mtamwagua, na akishaaguliwa mtaniozesha. Mimi sitaki mume wa kuaguliwa."

Jumbe akamgeukia Hasani. "Ni kweli?" Kimya. "Kijana, ni kweli?" Kimya. Mara ya tatu hakuuliza, alimtazama tu, na Hasani akasema, "Ni kweli," kwa sauti ya mtu anayeungama kuvunja kikombe.

Jumbe akasema hapa hakuna kesi ya uchawi, kuna kesi ya mtu mwoga, na hiyo haina kifungo. Mzee Mikidadi aliondoka bila kuaga. Kulthumu alimfuata nyuma, kanga bado mabegani.

Tulipofika nyumbani baba alisema, "Yule mtoto wa Mikidadi, mlinde."

Na mimi niliyemwandika humu kuwa ana maringo!

Jumatatu, 15 Agosti

Mwalimu amekuja. Leo alikaa. Alisema Mzee Mikidadi amenyima lori, Hasani hatarudi tena kwenye mchezo, na ananiomba nisamehe. "Niliogopa kupoteza lori, Bibi Zaina."

"Na lori umelipoteza."

"Nimelipoteza."

Nilimwambia sitapokea msamaha wa sebuleni. Aliniondoa mbele za watu. Anirudishe mbele za watu.

Jumatano, 17 Agosti

Amefanya hivyo. Alisimama mbele ya wachezaji wote na kinamama wa darasani, akasema, "Nilijua ukweli nikaogopa kuusema. Bibi Zaina hakukosa. Nilikosa mimi." Hakufuta miwani. Sehemu ya Hasani ataichukua mwenyewe. Tadeo amesema Mungu atuhurumie.

Ijumaa, 19 Agosti

Nilikwenda kwa Kulthumu. Nilidhani nitafukuzwa, lakini Mzee Mikidadi alinipokea salamu akanionyesha uani kwa kidevu. Kulthumu alikuwa anapepeta ufuta. Nilimwambia nilimdhania vibaya, kwa ajili ya darasani.

"Sikuwa na maringo," alisema. "Nilikuwa na haya. Wanawake wanaouza vitumbua wanasoma kuliko mimi, na mimi ni binti Mikidadi."

Tukapepeta pamoja mpaka adhuhuri. Hatukumtaja mtu.

Jumatatu, 22 Agosti

Moshi. Kinamama kumi na mmoja. Bi Sofia amerudi, amenisalimu mara mbili.

Jumamosi, 3 Septemba

Siku ya mchezo. Tulijua hakuna lori, tukapanga mabenchi machache. Kumbe watu wa Kiegei walianza kutembea alfajiri. Walifika na vumbi mpaka kwenye nyusi, wakauliza, "Ndio mchezo wa yule binti wa choya?" Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Mwalimu alisahau maneno aliyoyatunga mwenyewe. Alinililia mapenzi akitazama kofia ya Bwana Kilimo. Lakini alipolala na Tadeo akaja na bakuli, mbawa za gunia zikipeperuka, uwanja wote ulinyamaza. Si ukimya wa mchezo. Niliujua, ni ule wa barazani. Tadeo naye aliujua. Mkono wake ukaganda hewani.

Bibi kizee mmoja wa Kiegei akasimama akapaza sauti, "Msimpake mwalimu wetu, ana watoto wadogo!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mwalimu, aliyetakiwa kuwa usingizini, alicheka mpaka akakaa. Tadeo akachovya vidole, akampaka bibi kizee kwanza, akapewa kofi la kirafiki, kisha akampaka Mwalimu. Na tangu hapo hakuna neno lililosikika vizuri na hakuna aliyejali.

Mzee Mikidadi alikuja. Alisimama nyuma kabisa kando ya lori lake na hakucheka hata mara moja. Lakini hakuondoka. Watu walipotawanyika na jua likiwa bado kali, nilimwona anafungua ubao wa nyuma wa lori na kumshika mkono yule bibi kizee apande, na wengine wa Kiegei nyuma yake. Kulthumu alikuwa mbele, karibu na dereva. Aliniinulia mkono.

Jumatatu, 5 Septemba

Miguu inaniuma. Kinamama kumi na wanane. Kulthumu amekaa mstari wa mbele.

Alhamisi, 8 Septemba

Leo asubuhi baba mdogo wake Hasani alikuja na mwenzake, kanzu zimepigwa pasi, na posa. Shangazi aliwapokea kwa chai na macho yanayong'aa. Nilikuwa chumbani nikisikia. Kijana amejuta. Kijana sasa yuko huru. Kijana tangu mwanzo alikuwa anampenda Zaina, na huo si uongo.

Shangazi akasema, "Binti tutamwuliza, mtapata jibu, inshallah."

Nikatoka mwenyewe. Si desturi, lakini mwezi uliopita nilikaa kwenye kigoda katikati ya mji, desturi ilinipita ikaenda zake.

"Shikamoo, baba. Mwambie Hasani posa nimeisikia, na siitaki."

"Mwanangu, una hasira bado. Hasira hupita."

"Ninayo, sikatai. Lakini mwambie pia kwamba nilimpenda. Asije akadhani nilikuwa jiwe. Siku ile kwa Jumbe nilikuwa nautazama mdomo wake, nangoja neno moja tu. Hata kama angesema 'Simtaki Zaina, lakini hakunifanya kitu', ningemheshimu mpaka kufa."

"Kijana aliogopa."

"Wote tuliogopa, baba. Kulthumu alitetemeka mpaka kanga ikamwanguka, na akasema."

Mzee aliweka kikombe chini. Akauliza kwa upole, na nilimpenda kwa huo upole, "Basi nikampelekee neno gani?"

"Mpelekee hilo hilo."

Walipoondoka, Shangazi alinigombeza kutoka sebuleni mpaka jikoni. Mume mwenye stoo! Mwenye baiskeli! Anayejua kusoma! Nilimwacha aseme mpaka akachoka, kisha akaniona uso, akaacha, akaniwekea mkono kichwani kama nilipokuwa mdogo.

Nimelia, si haba. Halafu nimenawa, maana saa nane kinamama wanakuja, na leo tunaanza kuandika barua.